Korongo wa Mashine ya Kumi na Tatu

Jarida la watoto lilikuwa limemwagiza mchoraji wahusika sita, watu wanaogeuka wanyama, na yeye aliwachora kwenye meza ya jikoni kwake. Kila mhusika alikuwa na karatasi yake: juu mtu na mnyama ubavu kwa ubavu, chini mistari mitatu. Asili. Umbo. Namna ya kurudi. Mstari wa tatu hakuuandika mpaka mhariri atie sahihi, maana mhariri alikuwa na tabia ya kubadilisha mnyama dakika za mwisho, na mchoraji alishachoka kufuta.

Watano hawakumsumbua. Kinyozi anayegeuka kondoo alimchora kwa saa moja tu. Wa sita ndiye aliyemtoa jasho, hadi Jumatatu jioni mama yake aliporudi kutoka kiwanda cha nguo, akatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto na kusema, "Leo goti limenigomea kabisa." Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona kola akiwa wima kwenye mashine ya kumi na tatu, kwa sababu msimamizi aliamini kwamba mshonaji akikaa husinzia. Mchoraji alimtazama, akachukua penseli. Umbo: korongo. Asili: alikatazwa kukaa.

Asubuhi alimkuta mama yake kando ya jiko, amesimama kwa mguu mmoja, manyoya ya kijivu mwili mzima, mdomo mrefu ndani ya kikombe cha chai.

"Mwanangu," korongo alisema, "ungeniuliza kwanza."

"Samahani, mama. Sikuandika jina lako."

"Goti umelichora vilevile. Haya, nifungulie mlango, nachelewa."

Kiwandani msimamizi alimpa onyo kwa kuja bila viatu, basi. Kitambaa alikisukuma kwa mdomo, mguu mmoja ukamshikilia na wa pili ukakanyaga pedeli. Jioni alisema goti halijamuuma hata kidogo.

Tatizo lilikuwa mhariri. Jumanne alisema shingo ni ndefu mno. Mchoraji akaipunguza, na mama yake akashindwa kufikia sufuria. Jumatano alitaka macho ya mviringo, akapewa. Kuanzia hapo mama alianza kutazama mfereji wa nyuma ya nyumba, walikokaa vyura, kwa namna ambayo mchoraji hakuipenda. Alhamisi mchoraji alimsalimia shikamoo. Mama aligongesha mdomo mara tatu na kugeukia dirisha. Hakusema mwanangu. Hakusema chochote. Mchoraji aliingiwa na hofu, akashindwa hata kula.

Ijumaa alikuwa mlangoni kwa mhariri kabla ofisi haijafunguliwa.

"Nimewaza," mhariri alisema akitafuta funguo, "hivi akiwa mbuni je?"

"Usimguse tena. Huyu ni mama yangu."

Mhariri aliitazama karatasi.

"Si ungesema tangu Jumanne," alisema, akaiegemeza ukutani na kutia sahihi.

Mchoraji aliandika mstari wa tatu palepale kwenye ngazi: akikaa kwenye kiti. Kisha akatoka mbio mpaka nyumbani, ambako korongo alikuwa bado dirishani, kazini hakwenda. Alimvutia kiti. Korongo alikikagua kwa jicho moja, halafu kwa jingine, akakunja miguu taratibu na kukaa.

"Mwanangu," mama alisema, akipangusa unyoya kwenye nguo, "mbona umekonda hivyo? Umekula?"

Mchoraji alilia kwa furaha wala hakujificha. Mama alimwacha alie, akaomba chai, na safari hii aliinywa kwa midomo yake.

Baada ya hapo mambo yalijipanga yenyewe. Akisimama muda mrefu alikuwa korongo, akikaa alikuwa mama, na kiti kiliwekwa mlangoni ili akifika tu ajitupe. Usiku alilala bila kukanda goti. Mchoraji hakuwa amemwona akicheka hivyo kwa miaka.

Msimamizi naye alifurahi. Alipima sakafu kwa futi kamba, akaona kwamba mtu wa mguu mmoja huchukua nusu ya nafasi, na katika nusu iliyobaki akaweka mashine ya kumi na nne. Mama alipomwomba kiti, alimwonyesha sakafu. Kweli, hapakuwa na pa kukiweka.