Viti vya Ukumbi Mkubwa

Pacha walikuwa bado hawajajua hata kutambaa, Mama Pacha alikwisha kupanga habari ya chuo. Yeye na mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, walikuwa watengenezaji wa makochi, na karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Fundi alipigilia mbao, akafunga springi na kujaza sponji. Mkewe alikaa na cherehani yake karibu na dirisha, akishona vitambaa vya kuvalisha. Vipande vilivyobaki havikutupwa. Alivigeuza mito ya kuegemea, na hela ya mito ilikuwa marufuku kuguswa. Sukari ikiisha, watu walikunywa chai kavu, na hela ya mito ikaenda zake benki. Fundi alizoea kuwaambia wateja kwamba mkewe akimtupia jicho tu, mfuko wake wa shati unajifunga wenyewe.

Mpango ule ulikuwa wa mtoto mmoja, wala si kwa upendeleo. Pacha wale, msichana na mvulana, upacha wao uliishia kwenye tarehe ya kuzaliwa. Msichana aliitwa Bibi Mdogo, maana tangu ana meno ya utoto alikuwa akiwatuma watu wazima, nao wanakwenda. Alipenda kupima. Alipima ua kwa kamba, akapima kibaraza cha jirani bila ruhusa, na swali la atasomea nini lilikuwa halina haja ya kuulizwa. Mvulana, Panzi, alikuwa mtoto wa kurukaruka asiyemaliza chakula akiwa amekaa, na tangu zamani alitangaza kwamba shule ikiisha yeye anabaki karakanani na baba yake. Alilisema hilo kwa miaka mingi, hata wazazi wakalichukua kama jambo lililokwisha.

Basi jioni moja wakiwa mezani, Bibi Mdogo akatoa habari kwamba amechaguliwa kwenda chuo cha ufundi kusomea upimaji wa ardhi. Mama Pacha aliacha kijiko, akamkumbatia binti yake kwa mikono yenye mchuzi. Fundi akainuka, akacheza peke yake kuzunguka meza. Panzi tu ndiye hakuinua uso kutoka kwenye sahani.

"Na mimi nimechaguliwa," alisema, kama mtu anayekiri kuvunja kikombe. "Chuo hichohicho, usanifu wa samani. Niliomba kujaribu tu."

Fundi akasimama katikati ya dansi yake. Akamuuliza mwanawe kama amechoka na karakana. Panzi akasema hapana, hajaichoka, anataka kurudi hukohuko, ila arudi akijua kuchora kochi kabla ya kulikata, si kama sasa ambapo wanakata kwanza na kujuta baadaye. Fundi alikaa chini polepole. Mama Pacha aliona macho ya mumewe yamelowa, akajua kwamba hapo mjadala wa kumzuia mtoto umekwisha hata kabla ya kuanza.

Furaha ilikuwa mara mbili, na ada pia mara mbili. Mito ilitosha mtoto mmoja, tena kwa kubanana. Kesho yake pacha walianza kugombana, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa ajabu: kila mmoja alimsukuma mwenzake mbele. Panzi alisema yeye atasubiri, kwani mpango ulikuwa wa dada yake tangu mwanzo. Bibi Mdogo alisema ardhi haikimbii, ataikuta palepale miaka miwili baadaye, Panzi atangulie. Walinuniana siku nzima kwa sababu ya kupendana. Mama Pacha alichoka kuwasikiliza. Akamwambia mumewe avae shati la maana, waende chuoni wakaombe kulipa kidogokidogo.

Ofisi ya mhasibu wa chuo ilikuwa nyembamba, na mhasibu mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Aliwakaribisha wakae. Mama Pacha akakaa, na kiti kikammeza. Kitako kilizama hadi magoti yakamfika kifuani, na springi moja ikamchoma mahali pasiposemwa ofisini. Alijikaza. Alikuwa amekuja kuomba, na mwombaji hachagui kiti.

Fundi ndiye aliyeshindwa kujikaza. Alimwinua mkewe kwa mkono, akapindua kiti miguu juu palepale mbele ya mhasibu, akaanza kunung'unika kama daktari aliyekuta mgonjwa ametibiwa na mtu wa barabarani. Nani alifunga hii springi kwa waya wa uzio? Sponji hii ni ya kuoshea vyombo au ni ya nini? Mama Pacha alitamani sakafu ipasuke. Alimvuta shati, akamkumbusha kwa sauti ya chini kwamba wamekuja kwa ajili ya ada.

Mhasibu alikuwa akicheka hadi miwani inatikisika. Akasema hicho ni kiti kizuri kuliko vyote. Kama baba anataka kulia kweli, akaone ukumbi mkubwa. Na kwa kuwa muda ulikuwepo, akawapeleka. Viti vilijaa mle ndani safu kwa safu, vya ngozi bandia iliyopasuka, sponji zikichungulia nje kila upande. Chuo kilikuwa kimetenga fungu la kununua vipya, mhasibu alieleza, lakini bei ya dukani ilikuwa imewashinda, na likizo ilikuwa inakwenda.

Fundi alikuwa ameshaingia katikati ya safu, anabonyeza huku na huku. Mama Pacha yeye alibaki mlangoni. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kufanya kazi kwa kasi ya cherehani yake.

"Dada," alimwambia mhasibu, "ninyi mna viti, sisi tuna watoto. Kwa nini tusikae tukaongea?"

Wakaongea, ingawa kwa kusimama. Mhasibu alilipenda wazo lile, akalipeleka kwa mkuu wa chuo, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Mkuu akasema hanunui mbuzi kwenye gunia: wafufue kwanza safu moja ya mbele, aione, aikalie, ndipo wazungumze.

Walifanya kazi ile wote wanne. Siku ya kukaguliwa, viti vilikuwa vimekaa pale vinang'aa, rangi ya zambarau iliyoiva, mshono wa Mama Pacha umenyooka kama umepigwa rula. Mkuu wa chuo alizunguka, akagusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakaa, na kiti kikatoa sauti ndefu, nzito, ya aina ile ambayo mtu mzima huigeukia kumtafuta mtoto wa kumsingizia.

Mkuu alihamia kiti cha pili. Nacho kikajibu vilevile. Mama Pacha alitazama dari. Alihisi ada ya mtoto wa pili inatoka mlangoni taratibu, na kibaya zaidi, kicheko kilikuwa kinampanda kooni. Ni Panzi aliyejitokeza. Alisema kosa ni lake: aliachiwa kazi ya kutoboa matundu ya hewa kwenye ubao wa chini, naye kwa haraka zake akairuka. Hewa haina pa kutokea, ndiyo maana inalalamika.

"Kwa hiyo si mimi," alisema mkuu wa chuo.

Hakutabasamu alipolisema, na hilo ndilo lililowamaliza. Mhasibu alianza kucheka, Mama Pacha akafuata, na mwisho mkuu mwenyewe alijifuta machozi kwa tai. Panzi akaleta keekee, akatoboa. Mkuu akakaa tena, kiti kimya kabisa. Wakapeana mikono: ukumbi wote ukikamilika kabla ya chuo kufunguliwa, ada ya mtoto mmoja imelipwa hadi mwisho wa masomo.

Likizo ile Mama Pacha hakuisahau tena. Cherehani ilihamishiwa ukumbini, ikawekwa jukwaani mahali pa kuhutubia, naye akashona akiwa juu kama mgeni rasmi. Fundi alifunga springi huku akiimba, sauti yake ikipata mwangwi ambao karakana haikuwahi kumpa, basi akazidisha. Bibi Mdogo alipima kitambaa na hakuruhusu hata upana wa kidole upotee; baba yake alilalamika kwamba ameajiriwa na binti yake. Panzi alitoboa matundu, na kila alipomaliza kiti alikikalia kwa heshima zote, masikio yamesimama. Walichoka, wakachomwa na pini, wakapitiwa na usingizi juu ya marundo ya sponji. Mchana walikula jukwaani, miguu inaning'inia, wakibishana ni safu gani imetoka vizuri zaidi. Mama Pacha alikuwa amepanga miaka mingi jinsi ya kuwapeleka watoto chuoni. Kilichomshangaza ni kwamba walikwenda wote pamoja.

Siku ya kuwapokea wanafunzi wapya, wazazi walialikwa. Ukumbi ulijaa. Pacha walikaa mbele pamoja na wenzao, Bibi Mdogo ameshika daftari, Panzi ametulia kwa namna ambayo mama yake hajawahi kuiona. Mwanamke aliyekaa kando ya Mama Pacha alijiegemeza nyuma, akasema chuo hiki kinajali watu, tazama viti. Mama Pacha alikusudia kunyamaza. Badala yake alijikuta akimweleza yote tangu mito, na yule mwanamke akainama kuchungulia matundu chini ya kiti chake.

Mkuu wa chuo alianza hotuba, na kwa mtu asiye na maneno mengi, siku hiyo aliyapata. Alipokuwa bado anawataja walimu, Mama Pacha alisikia kitu upande wa pili. Fundi alikuwa amelala. Kichwa kimeangukia begani kwa mkewe, mdomo wazi, na mkoromo unaanza kuchukua kasi. Pacha waligeuka kule mbele, wote wawili kwa pamoja, wakimkonyeza mama amwamshe.

Mama Pacha aliwapungia mkono wasikilize hotuba. Akasogeza bega lake karibu, mumewe akae vizuri.