Damu ya Fundi Haikutumika

Kazi yangu ni kuwaita watu waliojitolea kutoa damu na kuwaambia kwamba hatukuitumia. Nimeichoka. Kila tunapopima, haikosi mifuko yenye homa ya ini, na wenyewe ni wazima, wala hawakumbuki mara ya mwisho kuumwa. Kwenye simu haturuhusiwi kutaja ugonjwa, kwa hiyo tunasema tu, njoo, tuna neno kuhusu damu yako.

Basi fundi wa kuchomelea mageti akaja amekunja mkono wa shati, amekunywa maji ya kutosha, uso umemchangamka. Alidhani damu yake imetupendeza tunataka nyingine. Aliitoa kwa ajili ya mkewe, ambaye jana yake jioni alijifungua kwa upasuaji, na tangu asubuhi alikuwa akiwapigia simu wakwe kuwatangazia kuwa sasa binti yao ana damu yake mwilini.

Nilimweleza polepole. Ni homa ya ini aina ya B, mfuko tuliuteketeza, mke aliongezewa damu ya mtu mwingine. Akaukunjua mkono wa shati. Nikamwambia mke apimwe, na mtoto achanjwe leo hii, kukawia ni hatari. Akasema atamweleza mkewe wakifika nyumbani. Hapo nilipandwa na hasira, maana wote husema hivyohivyo, kisha hawasemi. Nikamwambia asimame, twende wodini.

Mama mtoto alikuwa macho, kichanga ubavuni. Fundi alisema yote akiangalia sakafu, akangoja kutukanwa.

"Mtoto keshachomwa sindano," mkewe akasema. "Mimi niliambiwa kliniki kwamba ninayo, mimba ingali changa. Wakaniambia nije na wewe upimwe."

"Na ukaninyamazia?"

"Tangu nikujue, kila anayepita unamsifia damu yako. Ningeanzia wapi?"

Nilikuwa na maneno yangu ya kila siku, ya dawa na ya kupima ini, nikayaweka kwa baadaye. Niliwaonea huruma wote wawili, na mimi mwenyewe kidogo. Fundi akasogea kitandani, akanyoosha mikono, akairudisha. Akaniuliza mimi, si mkewe, kama anaruhusiwa kumbeba mwanawe.

Nikamwambia ambebe, ugonjwa huu hauambukizwi kwa kubebana. Hata hivyo alikwenda kwanza kunawa mikono, akainawa muda mrefu sana.