Nyuzi Mpya za Kalangu

Mimi Constance sifungi tena saluni kwa ajili ya maandamano. Mwaka jana nilifunga, nikajificha chumbani kama mwizi, na niliporudi nilikuta vioo vimevunjwa na mashine za kukaushia nywele zimebebwa. Sasa nijifiche tena, ili iweje?

Anselmo, Mmakonde wa Msumbiji anayetengeneza simu na kusimamia jengo letu hapa Warwick, huku kusini mwa Afrika, alipita jana mlango kwa mlango. "Kesho wanaandamana tena, wale wanaotaka wageni tuondoke. Fungeni, zimeni taa. Na wewe mzee, hiyo ngoma yako, eish, usiiguse kabisa!"

Mzee ni Tanimu, Mhausa wa Kano anayechoma nyama mwisho wa korido. Ngoma yake inaitwa kalangu, ndogo, ina kiuno chembamba. Anaibana kwapani, akizikandamiza zile nyuzi za ngozi sauti inapanda, akiachia inashuka. Kwao ni ngoma ya wachinjaji, na baba yake alikuwa mchinjaji. Kila mtu wa korido yetu mzee amemtungia mdundo wake, na ukiitwa lazima utokeze uso uitikie. Kukaa ndani ni kumtukana. Wangu una kishindo mwishoni. Anasema ni kwa sababu ya mdomo wangu.

"Papa Tanimu," nikamwambia, "kesho utuite wote. Mwaka jana walivunja kwa sababu hapakuwa na mtu."

"Nitaita mpaka mkono uchoke, Mama Constance."

Asubuhi nafika, namkuta mzee amekaa juu ya ndoo, kalangu mapajani, nyuzi zote zimekatwa. Anselmo amesimama pembeni, kisu mkononi, hata haya hana.

"Nimewaokoa," anasema.

"Umetuokoa? Umetukata ulimi, mpumbavu wewe!"

"Watatuua, Constance. Nina watoto."

"Na mimi nimezaa paka?"

Akaingia dukani kwake, akajifungia.

Mzee alikuwa analia. Ngozi ya kukata nyuzi nyingine haikuwepo, na kule kwenye robot, zile taa za barabarani, nyimbo za waandamanaji zilishaanza kusikika. Niliogopa, sikatai. Lakini hasira ilinizidi. Wewe Constance, umesuka nusu ya vichwa vya mji huu, ushindwe na ngoma?

Nikafungua paketi za rasta, nikamwita Yvette, tunayesuka naye. Tukasuka kamba nyembamba, kaza, kaza, mpaka vidole vikachubuka. Mzee akazipitisha kutoka ngozi ya juu hadi ya chini, akivuta kwa meno. Rasta zilizobaki zilikuwa za zambarau, basi kalangu ikapendeza kama bibi harusi. Alipoibana na kuipiga, ikatoa sauti yenye mafua.

"Inasema," akacheka huku machozi hayajakauka.

Akaanza na mdundo wangu. "Nipo!" nikajibu, nimesimama mlangoni. Akamwita Yvette, Ladislaus wa cherehani, Goreth wa mitumba. Milango ikafunguka mmoja mmoja. Nipo! Nipo!

Waandamanaji wakafika. Kiongozi wao, mwenye rungu, akapiga kelele tufunge, turudi kwetu.

"Leo tumefungua!" nikamjibu. "Unataka kusukwa, panga foleni!"

Jiwe likaruka, kioo changu kikapasuka. Hakuna aliyerudi ndani. Ndipo mzee akapiga mdundo wa Anselmo.

"Papa, muache huyo!" nikasema. Akatikisa kichwa, akapiga tena. Mlango haukufunguka. Akapiga tena, taratibu, kama anayembembeleza.

Ufunguo ukazunguka. Anselmo akatoka, akasimama kando yangu.

"Nipo," akasema.

"Hatujasikia!"

"NIPO!"

Mwenye rungu akatutazama wote, mlango hadi mlango. Akatema mate chini, akawaongoza wenzake kuendelea na barabara.

Kioo nimekiziba kwa katoni na saluni iko wazi. Anselmo nimeshamwambia: siku nyuzi hizo zikilegea, atakuja kukaa hapa miguuni kwangu, nimfundishe kusuka.