Kumi na Tisa wa Igombe

Nestory Maige alikuwa na stashahada moja ya takwimu na vichekesho visivyo na idadi. Ofisini kwao Nyakato aliwaambia wenzake kuwa kompyuta ni kama mkwe: ukiiuliza vibaya itakujibu kwa adabu, lakini haikwambii umekosea.

Mradi wao ulikuwa unagawa vichanja vya kuanikia dagaa kwa akina mama wa Igombe, mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki kando ya ziwa. Nestory alikuwa na majedwali mawili: la walioandikishwa Machi na la waliohojiwa Mei. Ndani ya R, programu ya takwimu, akaandika amri ya SQL, lugha ya kuuliza majedwali, mistari minne tu: unganisha kwa namba ya mwanachama, niletee waliomo kwenye majedwali yote mawili. Majina yakamwagika papo hapo.

"Mmeona? Hata chai haijapoa!" akatamba. Orodha ikaenda, vichanja vikagawiwa mwanzoni mwa Septemba.

Wiki iliyofuata Dorcas, mkuu wake, akamwita. "Kaka Nestory, mtaa mzima wa Mama Evelina haumo. Wamehama?"

Nestory akaigeuza ile amri: leta wote wa Machi, hata asiyeonekana Mei. Wakaibuka wanawake kumi na tisa, safu zao za Mei tupu. Akatazama tarehe ya mahojiano. Siku ile walimzika mzee Ndalahwa. Mtaa wote ulikuwa msibani. Nani angebaki nyumbani kumsubiri mtu wa maswali? Na yeye mwenyewe alikuwepo, chini ya turubai, anawachekesha wafiwa.

Akaenda Igombe. Evelina alikuwa ameinama, anachambua changarawe kwenye dagaa walioanikwa mchangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umetuletea utani gani?"

"Sina. Mimi ndiye niliyewaacha. Niliiambia kompyuta ichukue waliohojiwa tu, na nyie mlikuwa mnazika."

Evelina akanyanyua macho. "Si nilikupakulia wali mwenyewe siku ile? Ukadai na ukoko."

"Nilidai, mama."

"Haya, vichanja vyetu?"

"Vimekwisha. Tumeandika kuomba vingine. Labda mwakani."

"Mvua ni mwezi ujao, Nestory. Hawa dagaa watanyeshewa waoze hapahapa."

Akainama tena. Nestory akachuchumaa upande wa pili, akaanza kutoa changarawe moja moja. Evelina hakumfukuza.