Jiwe Lenye Mshipa

Mkwe wangu namjua kwa miguu. Ana miaka sita tangu amuoe binti yangu Selpher, na sijawahi kumtazama usoni hata mara moja, kwa sababu nilikolelewa mimi mama hamkazii macho mume wa bintiye. Hatushikani mikono, hatukai benchi moja. Akipita namwachia njia, akinisalimu naitikia huku nimeangalia chini. Ndiyo maana miguu yake nitaitambua popote: dole gumba la kulia halina ukucha, na kisigino kina kovu. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao mlangoni mwa kanisa, nami nafumba macho. Anayetaka kunicheka na acheke.

Jumamosi hiyo nilikuwa kwao Mikindani. Selpher alikuwa amempeleka mwanawe Kai kliniki, nami nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma nachambua mchicha. Mkwe wangu, Baya, alikuwa uani na gari lake.

Gari lenyewe ni ugomvi mtupu. Jekundu, milango miwili, limelala chini hata paka hapiti bila kuinama. Ni gari la mashindano, anasema, ingawa sijaliona likishindana na chochote isipokuwa mashimo ya barabara. Kwa fundi halipeleki, eti mafundi wataliharibu. Oili anabadilisha mwenyewe.

Sitamsingizia, alianza vizuri. Alilipandisha kwanza juu ya mbao mbili ili jeki ipate kuingia chini yake. Akavuta breki ya mkono, akakaza mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, akapampu jeki polepole mpaka pua ya gari ikanyanyuka. Kisha akaleta stendi ya chuma ya kushikilia gari, akaiweka upande wa kushoto. Stendi ya pili haikuwepo. Jirani yake Mwangi aliiazima tangu Pasaka, na kitu akikiazima Mwangi, siku ukiona kimerudi umshukuru Mungu.

Basi Baya akazunguka nyuma ya choo, akarudi na mawe mawili ya kujengea, yale ya kuchongwa timboni, kwenye machimbo. Akayapanga moja juu ya jingine upande wa kulia, akalaza kipande cha ubao juu yake, akashusha jeki na kuivuta kando. Nyumba ya ghorofa imesimama juu ya mawe haya, gari dogo litashindwaje? Najua ndivyo alivyowaza, maana kila mtu wa mji huu anawaza hivyo.

Mimi nimebeba mawe hayo kichwani miaka kumi na tisa, timboni upande wa Bamburi. Jiwe la ukutani limebanwa na wenzake kila upande na limelazwa kwenye simiti. Jiwe la peke yake ni jambo jingine. Na lile la juu lilikuwa na mshipa, mstari wa udongo mwekundu uliolikata kutoka pembe hadi pembe. Jiwe la namna hiyo hatukulipandisha hata kwenye lori. Tulikuwa tukilitupa.

Niliuona mshipa ule akiwa bado amelibeba. Nikafungua kinywa, nikakifunga. Nitaanzaje, mimi mama mkwe, kumfunza mwanamume kazi katika ua wake? Tena alikuwa kifua wazi, amevaa kaptura tu. Nikajiambia atalitikisa gari kwanza, ataona mwenyewe. Kweli akalitikisa, mara mbili, kwa kiganja, na halikusogea. Akatia vile vidude vya muziki masikioni, akalala chali, akajiingiza chini. Nje ikabaki miguu.

Mchicha ulinishinda. Niliogopa, nasema wazi, na hofu ile naijua ilikozaliwa. Marehemu mume wangu, Changawa, alikuwa mchongaji katika timbo hilohilo. Asubuhi moja niliona vumbi likitiririka kwenye ukuta wa jiwe aliokuwa akiuchonga, uzi mwembamba, kama unga unaovuja kwenye gunia. Wanaume walikuwa wengi pale, nami ni mwanamke wa kubeba tu. Nikanyamaza, nikasema wao ndio wanaojua. Ukuta ule ulianguka kabla chai haijachemka. Tulimfukua adhuhuri.

Lori la kontena likapita barabara kuu. Malori hayo yakipita, nyumba nzima ya Selpher hutetema mpaka vikombe vikagongana kabatini. Nikalikazia macho jiwe. Pale kwenye mshipa, vumbi likaanza kushuka.

"Baba Kai," niliita. Sauti ilitoka ya heshima, kama ya mtu anayeomba chumvi. "Baba Kai, toka huko."

Miguu ilikuwa ikichezacheza kufuata muziki. Nikapaza sauti sasa, nikaita mpaka koo likaniuma. "Toka, jiwe linakatika!" Dole lisilo na ukucha liliendelea kucheza.

Nikatupa sinia, mchicha ukamwagika. Kutoka mlangoni hadi kwenye gari ni hatua kumi. Nilipiga tano, nikasimama. Hilo naliona aibu mpaka leo. Nilisimama katikati ya ua, vumbi linamwagika, nami natafuta mtu mwingine wa kumshika. Nikaangalia upande wa kwa Mwangi. Hakukuwa na mtu. Jiwe likatoa sauti ndogo tu, tak, kama muhogo mbichi unapovunjwa.

Nikainama, nikamshika vifundo vya miguu vyote viwili, nikavuta.

Miaka kumi na tisa ya mawe haikwenda bure. Alitoka akipiga mateke, spana mkononi, mgongo ukichubuka kwenye kokoto, hajui kashikwa na nini. Kichwa kilikuwa kimepita bampa shubiri moja hivi jiwe lilipopasuka vipande viwili. Gari likalalia kulia, stendi ya kushoto ikapinduka, pua nzima ikashuka pale kilipokuwa kifua chake. Beseni la kukingia oili lilibanwa likawa bapa kama chapati.

Nikaiachia miguu yake kama mtu aliyeshika kaa la moto. Nikampa mgongo. Yeye naye alijiinua akakaa, akanipa mgongo. Tulikaa hivyo kwenye kokoto, nikimsikia anavyohema. Kidude kimoja cha muziki kilikuwa kimeanguka chini, bado kinaimba.

"Mama," akasema hatimaye. "Umejuaje?"

"Jiwe lina mshipa. Niliuona ulipokuwa umelibeba."

"Tangu nalibeba?"

"Ndiyo."

"Na mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa nakuheshimu," nikasema.

Nikasikia kokoto zikichakarika, nikajua anageuka. Mtu mmoja nimekwisha kumzika kwa kunyamaza. Nami nikageuka.

Mkwe wangu ana uso mwembamba, na nyusi zake zimekutana katikati kama za Kai. Kumbe mtoto kafanana naye hivyo, na miaka yote nilikuwa nikisema kafanana na upande wetu. Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hakuyafuta. Sikuangalia chini.

"Na lile jiwe lililobaki," nikamwambia, "nalo halifai."