Mayai kwenye Maji ya Moto

...bado, hayajaiva, na hata yakiiva nani aliwaambia Zilpa anakula mayai, mwanamke wa Khunyangu kule Busia, wa umri wake, aliyekatazwa yai kimila tangu hajaota meno, leo ameshikishwa kamba ya katani ukingoni mwa shimo la maji yanayotokota bila kuni, mwisho wa kamba kifuko chenye mayai ya kanisa zima, na mvuke unampiga usoni kama pumzi ya ng'ombe mgonjwa, eti hapa ndipo Mungu anapoonyesha uwezo wake, ndivyo alivyosema Methuselah mzee wa kanisa alipowashusha kwenye lori, siku nzima kutoka Busia hadi huku Bonde la Ufa kuja kutazama maji ya moto, kana kwamba kwao hakuna sufuria... "Mama Zilpa, usitutoroke na chakula!" Methuselah anapaza sauti, naye anamjibu bila kugeuka, "Wa kuchungwa ni wewe, tumbo hilo halikuota kwa maombi," wanawake wanacheka mpaka wanashikana mabega, ulimi unafanya kazi wenyewe siku hizi, mwenyewe hayumo. "Mama, tayari?" anauliza Truphena, mke wa mwanawe, nyuma yake, taratibu, kila kitu anauliza taratibu tangu Kizito apotee. "Bado." Na kando ya shimo kuna dimbwi la tope, la kijivu, linachemka polepole kama uji mzito wa wimbi, pu, linafumbua mdomo, linafumba, halibakishi hata alama, mwenyeji anayewatembeza anasema mwaka jana mbuzi alitumbukia humo, "hata pembe hatukuiona, mama," hata pembe, na yanayofuata Zilpa hayasikii, maana Kizito naye hata kofia haikurudi, mwaka na nusu sasa, taniboi, msaidizi wa dereva kwenye lori la mafuta, alivuka kizuizi cha mpakani Malaba Jumatatu moja mwaka wa sabini na saba, siku ya nne lori likaonekana ng'ambo, upande wa Uganda, kando ya barabara, milango wazi, mtu hakuna, dereva hakuna... Zilpa akaenda Malaba kila siku ya soko kutazama nyuso zinazotoka Uganda, mpaka madereva wakamzoea, "Mama, leo pia hayuko," wanamwambia kabla hajauliza, na machozi hayakuja, hata moja, watu wakasema Zilpa ni jiwe, wacha waseme, jiwe halisumbui mtu. Sasa shemeji yake Okwara anasema yatosha, Jumamosi hii lichimbwe kaburi, shina la mgomba livishwe shuka lilazwe mahali pa mwili, kama wanavyozikwa wasiorudi, watu walie, wanyolewe, wamalize, lakini mama mzazi lazima akubali, na mama mzazi amenyamaza tangu Pasaka, huku Truphena si mke si mjane, majirani hawajui wampe salamu au wampe pole... wanadhani anakataa kwa matumaini, matumaini gani, hayo aliyaacha penye kizuizi kitambo, ni ile Jumatatu, Kizito alikuwa na homa, amejikunyata jikoni karibu na moto, akasema mama leo siendi, na Zilpa anapepeta mtama, hata kichwa hakuinua, "Basi kaa, nikutafutie leso ujifunge, wanaume waende kazini," Kizito akacheka, alicheka kweli?, akachukua kofia akatoka, na hilo hajamwambia mtu, kwa sababu siku mgomba ukifukiwa leso hiyo itakuwa neno lake la mwisho kwa mtoto wake, lakini kaburi likikosekana Kizito anaweza bado kuinama mlangoni akasema, we mama una mdomo... pu, linasema tope, linafumbua, linafumba, wala halimwombi mtu ruhusa, limemeza mbuzi wa watu na hakuna aliyemwuliza mama yake mbuzi. "Mama, mkono!" Truphena amemshika kifundo cha mkono, kamba imelowa maji ya moto na kiganja kimekuwa chekundu chote, Zilpa anakitazama kama cha mtu mwingine, hakiumi, kitauma kesho labda. "Nipe mimi nishike." "Niache, nimeshazoea." Wanasimama wote wawili na kamba moja, mvuke katikati, na Zilpa anasikia sauti yake ikitoka kavu, kama anaagiza chumvi, "Mwambie Okwara asinunue shuka ya Jumamosi. Wakate ule mgomba wa nyuma ya jiko. Nitatoa leso yangu, ile nyekundu, wamfunge nayo." Truphena anageuka kumtazama. "Leso, mama? Mwanamume?" "Nilimwahidi." Truphena anasogeza mikono yake kwenye kamba, karibu na ya Zilpa, na Methuselah anaita huko juu, "Haya akina mama, mayai vipi?", wanawake wanacheka, dimbwi linasema pu, mayai yako palepale chini ya maji. "Bado," anasema Zilpa, "subiri kama wenzako."