Bi Shukriya na Mama Mkwe wa Sinema

Bi Shukriya alikuwa akichambua mchele nyumbani kwake Nizwa, Omani, pale Ustadhi Khalaf, katibu wa kamati ya utamaduni, alipompigia simu kumpa heshima asiyoiomba.

"Khalti, mama yangu, tuna mgeni, mcheza sinema mashuhuri wa Burkina Faso. Kiarabu hajui. Tumekuchagua uwe mkalimani."

"Mimi mkunga mstaafu, mwanangu. Hiyo Burkina Faso siijui iko wapi."

"Iko Afrika," alisema Khalaf kwa upole, kama anayemsomesha mtoto. "Na wewe umezaliwa Afrika. Mtasikilizana."

Bi Shukriya akamweleza kuwa yeye ni wa Malindi, Unguja, na kwamba kutoka Unguja mpaka kwa huyo bibi ni mbali kuliko kutoka Unguja mpaka Nizwa. Khalaf akasema inshallah, neno lake kila mazungumzo yakimshinda, akakata simu.

Mgeni aliitwa Asetu Zungrana, mwanamke mrefu wa miaka sitini na tisa. Alipokutanishwa na Bi Shukriya mbele ya kamati, wakatoleana salamu, wakaitikiana, kisha wakabaki kuchekeana mpaka mashavu yakawauma.

"Leo nimeumbuka," Bi Shukriya akajisemea.

Mgeni akageuka. "Unasema Swahili, mama? Miye nilikaa Lubumbashi myaka munane. Bwana yangu ya kwanza alikuwa mutu ya kule."

"Alaa! Kiswahili hiki kimetembea, bibi yangu!"

Khalaf alipowasikia wanacheka, akawatazama wanakamati kwa ushindi. "Si niliwaambia? Wote lugha yao moja."

Kabla ya magharibi Bi Shukriya alikuwa keshayajua yote. Asetu alikuwa akiuza maandazi ya mtama nje ya sinema. Mwongozaji mmoja alimkuta anagombana na mteja, akamchukua vile vile alivyo. Baba yake aliposikia, akalitupa godoro la binti nje. Katika filamu yake ya kwanza, Asetu alikufa mwishoni. Mzee akaenda kuitazama mara tatu, akilia, kisha akalirudisha godoro ndani. Baadaye ikawa ni kucheza mama mkwe katili, miaka arubaini, mpaka wanawe watatu wa kiume wakataabika kupata wachumba.

Ukumbini, Khalaf akamkabidhi Bi Shukriya karatasi. "Tafsiri hii hapa. Utaisoma tu."

"Lakini mgeni hajasema kitu!"

"Ndiyo maana tumeiwahi."

Karatasi ilisema kwamba mgeni amecheza malkia kumi na mbili, na tangu utotoni alikuwa akiiota ngome ya Nizwa.

Asetu akasimama. "Miye nililipwa ili watu wanichukie," alisema. "Nikalisha watoto watano. Siku nililomba kucheza bibi muzuri, wakamupa binti wa miaka salasini, wakamuchora makunyanzi."

Bi Shukriya akaitazama karatasi. Miaka yote ya ukunga hakupata kumtangaza mtoto kabla hajatoka. Akaikunja, akaitia mkobani, akayasema ya Asetu kwa Kiarabu, yote.

Khalaf akakohoa. Wanawake waliokaa nyuma wakaangua kicheko, na mmoja, Bi Rawya, akanyanyuka. "Mwambie amcheze sasa hivi huyo bibi mwema!"

Asetu akafasiriwa. Akavuta kiti, akaketi, uso ukamlegea. Akampungia mkono Bi Shukriya. "Njoo, mukwe wangu. Umechoka. Kula."

Na Bi Shukriya, mwenye miaka sabini na mbili na wajukuu tisa, akajikuta amepiga magoti jukwaani, analishwa tonge lisilokuwepo, kitambaa chake cha kichwa kikitengenezwa na mkono ambao wakwe wa sinema waliuogopa miaka arubaini. Tafsiri akaisahau. Hakuna aliyeidai.

Safu ya mbele wakubwa waliacha simu zao. Khalaf alijifuta macho kwa ncha ya kilemba, kisha akaitazama saa yake, akakimbilia kipaza sauti kutangaza kwamba ratiba imechelewa kwa dakika saba.